Paa la gari limekwama? Usikimbilie kununua pampu

Mvua zikianza tu, simu zinaingia gereji kwetu hapa Industrial Area, Nairobi, na swali ni lile lile, paa la kukunja limegoma kufunga, fundi amesema pampu imekufa, ya eksi-Japani ni pesa ngapi? Tafadhali usinunue bado. Pampu ni bei, na mara nyingi sana sio yenye makosa.

Hizi gari za paa la kukunja (convertible) zina mota ndani ya buti ama kando ya paa, hiyo mota inazungusha pampu, pampu inasukuma oili kwa vipaipu vyembamba hadi kwa silinda ambazo ndio zinainua paa, na juu ya hayo yote kuna kompyuta inayongoja ripoti ya swichi ndogo ndogo, kwamba buti limefungwa, klipu zimeachia na kadhalika. Swichi moja ikinyamaza, kila kitu kinasimama hata kama pampu ni mpya.

Kwa hivyo kwanza sikiza. Zima redio, bonyeza kitufe. Kama hakuna mlio wowote, hapo shida ni ya stima, angalia fyuzi, rilei (swichi inayopitisha stima kwa mota), waya na betri. Mota ikilia na paa halisongi, sasa ndio tuongee mambo ya oili ama valvu. Na kama linapanda pole pole halafu linachoka njiani, ni oili imepungua ama betri ni mgonjwa, kwa sababu hiyo mota inakula stima nyingi. Betri iliyojaa inasoma kama volti 12.6 injini ikiwa imezimwa, ikishuka chini ya 12 usilaumu paa. Jaribu tena injini ikiwa inanguruma.

Wenye Mercedes SLK, kabla hujaleta gari angalia lile pazia la kutenganisha mizigo ndani ya buti. Ukitoka sokoni ukalisukuma ndio kiroba kiingie na usilirudishe mahali pake, paa halitafunguka, na hakuna kitu kimeharibika. Hapo kwa bawaba za buti pia waya hukatika kwa kukunjwa kila siku, hizo tunaunga na gari inaenda.

BMW Z4 za kwanza, zile za paa la kitambaa, zinatuuma roho sana. Mota yao imekaa pale maji ya paa yanapoteremkia, na kuna kitundu cha kuyatoa. Sasa wewe unapaki Lavington chini ya mjakaranda, maua ya Oktoba yanaanguka yanaozea ndani, kitundu kinaziba, mvua za vuli zinakuja na mota inazama. Safisha hicho kitundu kabla ya mvua, na usitumie waya mgumu wala upepo wa kompresa kwa nguvu, mpira wa ndani unachomoka na maji yanaanza kuingia kwa gari.

Ukiona oili inadondoka kutoka juu ya kioo cha mbele, kwa Mercedes CLK za zamani hasa, ni sili (mipira ya kuzuia oili) za silinda ya mbele zimezeeka. Tunabadilisha sili peke yake, silinda inarudi kazini. Lakini tunakuomba, usiongeze oili ya breki! Inavimbisha zile sili na ukarabati wa silinda moja unakuwa wa mfumo mzima. Kitabu cha gari kinasema oili gani, na pia kama kipimo cha oili kinaangaliwa paa likiwa wazi ama limefungwa, maana gari hazifanani.

Umekwama barabarani na mvua inakuja? Gari nyingi zina valvu kwa pampu ya kuachilia presha. Fungua hiyo kwanza, halafu watu wawili, mmoja kila upande, mwinue pamoja polepole. Ukilazimisha na valvu haijafunguliwa, unapinda fremu, na fremu hainyooki vizuri tena. Mikono isikae kwa viungo, presha ikiisha ghafla paa linaanguka na uzito wake wote.

Gari ikifika kwetu tunapima betri, tunaskani kompyuta yake, tunafuata waya, pampu ndio ya mwisho kuguswa. Ukitupigia tuambie modeli, mwaka, na paa limesimamia wapi, na kama unaweza rekodi video fupi ukibonyeza kitufe, huo mlio wa mota utatuonyesha tuanzie wapi.