Ukurasa wa mwisho muuache mtupu

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niseme na wachapishaji wa vitabu vya watoto, na walimu wenzangu wa madarasa ya chini. Mimi ni mwalimu mstaafu. Nimefundisha darasa la kwanza miaka 29, na tangu nistaafu kila Jumamosi saa kumi jioni natandika mkeka barazani kwangu hapa Ngamiani, Tanga, watoto wa mtaa wanakuja tunasoma vitabu vya picha. Wapo wanaofuata kitabu na wapo wanaofuata kashata. Wote nawapokea.

Mwaka juzi, mwezi wa pili, aliletwa mtoto wa kiume wa miaka sita. Mama yake ni kibarua katika shamba la mkonge upande wa Korogwe, na mtoto amekuja mjini kukaa kwa mama yake mkubwa ili aanze shule. Wiki tatu hakufungua kinywa. Alikaa mwisho wa mkeka, mgongo ukutani, na ubavuni kwake aliacha nafasi ya kukaa mtu mmoja. Mwenzake akitaka kukaa pale, anamzuia kwa mkono. Siku ya kashata alininyooshea vidole viwili. Nikampa mbili. Moja akala, ya pili akaiweka mkekani, pale penye nafasi.

Mama mkubwa alikuja kwangu usiku na wasiwasi wake. "Mwalimu, huyu mtoto anazungumza na mtu simwoni. Usiku namsikia anacheka peke yake. Jirani ananiambia ana jini, nikamsomeshe." Dua sikatai, Mhariri. Nimezaliwa pwani hii na mimi mwenyewe nilisomewa nilipokuwa mdogo. Lakini nilimwomba anipe Jumamosi moja kwanza.

Jumamosi ile nikamsogelea mtoto, nikamwuliza kwa sauti ya chini, "Rafiki yako anaitwa nani?"

Alinitazama muda mrefu. "Katani."

"Yukoje?"

"Ana nywele nyeupe, ndefu mpaka hapa." Akashika kiuno. "Hajui kuvaa viatu."

Aliyewahi kupita kwenye uanio wa mkonge, akaona singa zimetundikwa kwenye nyaya zinakauka juani, nyeupe, upepo ukizipeperusha safu kwa safu, atajua mara moja Katani alizaliwa wapi. Mtoto amelelewa na mama anayeshinda shambani, nyumba ziko mbali mbali, wa kucheza naye hapatikani. Akajitengenezea mwenzake kwa kile alichokuwa akikiona kila siku. Na alipopakiwa basi kuja Tanga, hakumwacha nyuma.

Jambo hili wala si la ajabu. Mtaalamu wa saikolojia Marjorie Taylor wa Chuo Kikuu cha Oregon, Marekani, na wenzake waliandika mwaka 2004 kwamba kati ya watoto waliowachunguza hadi umri wa miaka saba, asilimia 65 walikuwa wamepata kuwa na rafiki wa kubuni, pamoja na wale waliompa mwanasesere roho na maneno. Na sisi wanawake wa huku, nani hakubeba mtoto wa gunzi mgongoni, akamfunga kipande cha kanga, akamgombeza kwa kulia usiku? Hakuna aliyetusomea kwa ajili ya gunzi.

Nilichukua kalenda ya mwaka uliopita, nikaigeuza upande usio na maandishi, nikampa penseli za rangi. "Nichoree Katani." Akachora. Jumamosi iliyofuata niliiweka ile picha katikati ya mkeka, nikanyamaza. Msichana mmoja wa miaka saba, ambaye kwa kawaida hanyamazi hata kidogo, akainama. "Huyu nani?"

Na yule mtoto akajibu. Mara yake ya kwanza kusema na mtoto mwenzake pale barazani. "Katani. Anaogopa daladala."

"Basi tumvushe," akasema msichana.

Wakamvusha. Ndivyo kitabu kilivyoanza. Kila Jumamosi walichora ukurasa mmoja: Katani anavuka barabara kashikwa mikono pande zote mbili, Katani anacheza rede, nywele zake zimenasa mpira, Katani yuko Raskazone anachungulia bahari, kwa kuwa kule shambani hajawahi kuona maji yasiyo na ng'ambo. Ugomvi ulikuwepo, tena mkubwa. Mmoja alitaka Katani ajue kuruka, mwingine akasema haiwezekani, viatu hajui sembuse kuruka. Wakakubaliana aruke akiwa amelala. Mimi kazi yangu ilikuwa kuandika chini ya picha yale waliyoyasema, mstari mmoja tu, bila kusahihisha. Tulipofika kurasa 14 nikakishona kwa shazia na uzi wa katani, maana kitabu hicho uzi mwingine ungekidhulumu.

Ukurasa wa tisa ndio sitausahau. Siku ile yule msichana alifika amechelewa, mkeka umejaa, akaenda moja kwa moja akakaa pale penye nafasi. Nikashika pumzi. Mtoto hakumzuia. Baadaye nilimwuliza pembeni, "Na Katani yuko wapi?" Akanijibu kama ananieleza kitu cha wazi kabisa: "Kasogea."

Ukurasa wa mwisho uliwashinda. Kila mtu alikuwa na mwisho wake na hakuna aliyetaka kuuachia. Nikawaambia tuuache mtupu, atakayekuja ataujaza. Wakaridhika. Tangu hapo, kila mtoto mgeni akifika ukurasa ule anausimulia kivyake. Nimekwisha kusikia miisho zaidi ya ishirini, na mmoja ulisimuliwa na mtoto ambaye shuleni wanasema hajui kujieleza.

Nilidhani kitabu kama hiki kingefaa na watoto wa mahali pengine, nikakipeleka kwa mchapishaji. Simtaji, na sina kinyongo naye, alinipokea kwa heshima. Alisema picha zichorwe upya na mchoraji wa kazi hiyo. Nilikubali. Kisha akasema paongezwe msamiati, maswali matano ya ufahamu, na kisanduku chenye funzo la hadithi. Na kubwa zaidi, mwishoni Katani atoweke, mtoto atambue kwamba hakuwepo, "tusije tukawafundisha watoto uongo." Nilikiomba kitabu changu, nikakirudisha kwenye mkoba.

Hapo ndipo penye hoja yangu. Sisi tunaojiita wenye lugha hii, bibi zetu walifunguaje hadithi? Hadithi njoo, uongo njoo, utamu kolea. Waliuita uongo kwa jina lake, mbele ya watoto, nao watoto wakaitikia. Walijua kuna uongo wa kumwibia mtu na kuna uongo wa kumkaribisha mtu, na mtoto wa miaka minne anaujua tofauti yake kuliko mhariri wa vitabu. Shaaban Robert, aliyezaliwa Vibambani, Tanga hii hii, mwaka 1909, alitubunia nchi nzima iliyo angani. Hakuna aliyemwambia aishushe chini ukurasa wa mwisho.

Ugonjwa huu naujua ulikoingilia, kwa sababu nimekuwa mmoja wa walioueneza. Kwa miaka 29 nimefunga kila hadithi kwa swali lile lile: "Hadithi hii inatufundisha nini?" Watoto wakazoea. Wakajua jibu linalompendeza mwalimu ni kwamba inatufundisha tuwatii wazazi. Mwaka mmoja, kabla sijafungua kitabu, mvulana wa dawati la mbele alinyosha mkono akasema, "Mwalimu, inatufundisha tuwatii wazazi." Darasa zima likampigia makofi kama nilivyowazoeza. Nililala na jambo lile usiku ule na mpaka leo bado linanichoma. Mtoto alikuwa amejifunza kuikwepa hadithi.

Sababu nyingine ni ya soko, na hii wachapishaji wananielewa. Vitabu vya watoto hapa kwetu hununuliwa na shule, au na mradi kwa ajili ya shule. Sisemi kwa kubeza. Nakumbuka hali ilivyokuwa kabla ya Mradi wa Vitabu vya Watoto Tanzania kuanza mwaka 1991: darasani kwangu kitabu kimoja cha kiada kilisomwa na watoto sita, na kitabu cha hadithi hakikuwepo kabisa. Mradi ule ulimhakikishia mchapishaji soko, katika nakala 5,000 za kitabu wao wanazinunua 3,000 na kuzipeleka shuleni, ndipo wachapishaji wakathubutu. Bila hivyo nisingekuwa na cha kusoma barazani. Lakini mnunuzi akiwa ni shule peke yake, kitabu kinaandikwa kimridhishe mwalimu na mkaguzi. Mtoto anabaki mtu wa tatu. Ndiyo maana kitabu cha picha chenye kurasa 16 kinabeba maswali, msamiati, zoezi la kujaza nafasi na funzo, na picha yenyewe imebanwa juu, ndogo kama stempu.

Kiada kina mahali pake. Mtoto lazima ajue kusoma, kuandika na kuhesabu, na nani wa kunifundisha hilo. Kitabu cha picha kina kazi nyingine. Mtoto anapofungua ukurasa pamoja na mwenzake, kila mmoja anaona kitu chake, na hapo lazima waulizane. "Wewe unaona nini? Mbona mimi naona hivi?" Urafiki wa watoto wadogo huanzia hapo, kwenye kukubaliana juu ya kitu ambacho hakipo. Angalia wanavyopika mchanga kwenye kifuu. Anayesema "huu ni mchanga tu" hana wa kucheza naye. Anayesema "wali umeiva, karibu" ana marafiki wanne kabla ya adhuhuri. Maswali matano yaliyochapishwa chini ya picha yanaifunga ile nafasi ya kuulizana, kwa sababu jibu lipo tayari na anayelijua ni mwalimu.

Kwa hiyo ombi langu kwa wachapishaji ni dogo, wala halina gharama. Maswali yapelekeni kwenye kijitabu cha mwalimu. Kisanduku cha funzo kiondoeni. Ukurasa mmoja mwishoni uacheni mweupe. Na sasa ambapo Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, inayoratibiwa na Taasisi ya Elimu Tanzania, imefungua mlango kwa hadithi za watoto, nawaomba majaji wakisoma mswada wajiulize je, mtoto ameachiwa pa kuingilia.

Kwa walimu ambao hawana vitabu, mradi wa African Storybook ulioanzishwa na taasisi ya Saide ya Afrika Kusini unatoa hadithi za picha kwenye intaneti tangu mwaka 2014, nyingi zipo kwa Kiswahili, na ruhusa ya kuchapa na kunakili ni bure. Kijana wa duka la steshenari hapa mtaani hunitolea fotokopi nyeusi na nyeupe. Watoto wanazipaka rangi wenyewe. Msipopata hizo, kalenda ya zamani inatosha, nimeona kwa macho yangu.

Na kwako, Mhariri. Gazeti lako lina mafumbo ya maneno kwa ajili ya watu wazima. Ungetupa kila Jumamosi picha moja, robo ya ukurasa, isiyo na neno lolote chini yake, nami ningeikata na kuiweka katikati ya mkeka. Nina hakika baraza nyingine nyingi zingefanya hivyo hivyo.

Mama mkubwa hakumpeleka mtoto kusomewa dua. Sasa yuko darasa la pili, anacheza kombolela mpaka aitwe mara tatu kuoga. Jumamosi iliyopita aliletwa msichana mgeni, wamehamia kutoka Pangani. Alikaa mwisho wa mkeka, mgongo ukutani, macho chini. Yule mvulana aliondoka kwa wenzake akaenda kukaa karibu naye, lakini si ubavuni hasa. Aliacha nafasi kidogo kati yao. Kashata zilipofika alininyooshea vidole vitatu. Moja akala, moja akampa mgeni, na ya tatu akaiweka mkekani, katikati yao.

Mwalimu mstaafu,
Ngamiani, Tanga