Mdogo wangu, bahari ile inawaka kweli

Mdogo wangu,

Salamu nyingi kwako na kwa wifi yangu. Kwenye simu unasoma ninachoandika, hujibu. Basi nakuandikia hapa, na wengine wakisoma na wasome, huenda wapo wanaopanga kumpeleka mke mahali kwa siku tatu wakanufaika.

Jambo lenyewe unalijua. Siku ya Iddi, sahani zikiwa bado mezani, ulimnyanyulia baba mkwe wako simu ukamwonyesha picha nyeusi tii, ukasema, "Hii ndiyo bahari inayowaka ya dada." Watu wakacheka. Wifi hakucheka. Alianza kukusanya sahani ambazo wenyewe hawajamaliza kula, vijiko vinagongana mikononi mwake. Kunicheka mimi nimeshakusamehe. Kumtahayarisha mkeo mbele ya baba yake, kwa safari aliyoingoja tangu harusi, hilo bado halijanitoka.

Tuanze na hiyo picha. Mwanga wa ghuba ya Mosquito Bay kule Vieques, kisiwa kidogo cha Puerto Rico nilichowaelekeza, hauingii kwenye kamera ya simu kirahisi. Kamera inataka ikae wazi kwa sekunde kadhaa bila kutikisika, na wewe umo ndani ya kimtumbwi cha kayaki kinachoyumba. Hata usiku ambao ghuba inang'aa vizuri kuliko zote, simu ya kawaida hutoa weusi mtupu. Kwa hiyo picha yako haithibitishi chochote.

Ila macho yenu nayo hayakuona, najua, na sababu nilikutajia kabla hujalipa tiketi. Kinachowaka mle ni vijidudu vya baharini visivyoonekana kwa macho, Pyrodinium bahamense, ambavyo hutoa mwanga wa buluu pale maji yanapotikiswa: kafi likiingia, samaki akipita, mkono ukichovywa. Vimejaa pale kwa sababu mlango wa ghuba ni mwembamba, havichukuliwi na mkondo, na mikoko iliyoizunguka inavilisha. Mwanga wenyewe ni mdogo, unahitaji giza. Ninyi mlikwenda mwezi kumi na nne! Waendeshaji wengi wa ziara husitisha kazi siku hizo, wewe ukamtafuta asiyesitisha. Mtoto wa pwani, uliyelelewa ukijua wavuvi wa dagaa hawatoki mwezi ukiwa mpevu, utaambiwaje tena habari ya giza?

Uliniambia tiketi ya wikiendi ile ilikuwa rahisi. Sawa. Lakini safari ya siku tatu haina usiku wa akiba. Mwezi ndio unaopanga tarehe, tiketi inafuata.

Na kisiwa chenyewe sikukuchagulia ovyo. Wifi alikuwa na kadi ya kijani tu, ile ya ukaazi wa Marekani, na kwenda Puerto Rico kutoka New Jersey ni safari ya ndani ya nchi, hakuna foleni ya uhamiaji kwenda wala kurudi. Ungempeleka St. Thomas, ambako nako ni Marekani, mngepita kwa maofisa wa forodha na uhamiaji kabla ya kupanda ndege ya kurudi. Nilikusisitiza abebe kadi yenyewe, si picha yake, na namshukuru aliibeba.

Sasa boti. Hapa ndipo wikiendi yenu ilipoharibika, kabla hata ya mwezi. Boti za Vieques huondoka bandari ya Ceiba, si Fajardo. Zilihamishwa mwaka 2018, ila watu bado huelekezwa Fajardo na maandishi ya zamani. Kutoka uwanja wa ndege wa San Juan mpaka Ceiba hesabu saa moja na robo barabarani, na Ijumaa alasiri ongeza. Uwe bandarini saa nzima kabla. Nauli ni kama dola mbili, na ndiyo sababu zinajaa: wenyeji hupewa kipaumbele, nao wana haki hiyo, kwani ndiyo njia yao ya kwenda hospitali na kazini. Nunua mtandaoni mapema. Gari la kukodi la San Juan usilipeleke huko ukitegemea kuvuka nalo, mkataba unakataza. Wewe ulilifikisha mpaka getini, ukagombana na mlinzi huku boti inang'oa nanga, na wifi amesimama juani na mabegi. Haya kaniambia yeye mwenyewe, usimlaumu.

Ninavyoshauri mimi, na sijabadilika: nendeni kwa boti, rudini kwa ndege ndogo. Boti ikichelewa Ijumaa mnapoteza saa chache za ufukweni. Ikiharibika Jumapili, au bahari ikichafuka, mnapoteza ndege kubwa ya kurudi kazini. Ndege ndogo hutumia dakika 10 hivi kufika Ceiba na nusu saa kufika San Juan. Ni ghali mara nyingi kuliko boti, lakini fedha hiyo inalipwa mwisho wa safari, ambako ndiko inakosaidia. Watawapima uzito ninyi na mabegi, kwa hiyo begi moja laini kila mtu.

Gari la kukodi la kisiwani, aina ya Jeep, liwekwe nafasi kabla ya kuwa na chumba, maana huko ni machache na teksi za kuita kwa simu usizitegemee. Usiku mwendo wa polepole, farasi huzurura barabarani bila taa yoyote. Playa Caracas na La Chiva zimo ndani ya hifadhi, ardhi iliyokuwa ya jeshi la wanamaji la Marekani mpaka mwaka 2003. Mabomu ambayo hayajalipuka bado yapo, penye kibao cha kukataza usipite. Na ule mti wa manzanillo wenye matunda kama tofaa dogo la kijani, msikae chini yake hata mvua ikinyesha, maji yanayotiririka kwenye majani yake yanababua ngozi.

Kwenye ghuba msijipake dawa ya mbu kabla ya kayaki, inaua vile vijidudu. Vaeni mikono mirefu. Kuogelea kumekatazwa.

Chakula wifi atakipenda akielekezwa. Ule wali wao wa gandules ni wali wa mbaazi hasa, na mofongo ni ndizi mbichi za kukaanga zinazotwangwa na vitunguu saumu. Ila vyote viwili mara nyingi huwa na nguruwe, kwa hiyo aseme "sin cerdo", yaani bila nguruwe, kabla hawajapika, si baada ya sahani kufika. Embe na stafeli mle kulekule. Uwanjani mabegi hukaguliwa kabla ya kuruka kwenda bara na matunda hayo hayapiti.

Unaona? Yote haya nilikwisha kukuambia. Sikukutuma mwezi mpevu, sikukutuma na gari bandarini. Ningenyamaza siku ile mezani kwa sababu wakwe walikuwepo, na nilinyamaza. Lakini kunyamaza kwangu usikufanye ushahidi wako.

Wifi anataka kurudi. Ameniambia hivyo, wewe hajakuambia kwa kuogopa utachukulia vibaya. Kalenda ya Kiislamu iko ukutani kwenu jikoni. Tafuta Ijumaa inayoangukia kati ya tarehe 25 na 29 ya mwezi mwandamo, muepuke Agosti, Septemba na Oktoba kwa ajili ya vimbunga. Kimbunga Maria kilipopiga Septemba 2017 ghuba ilikaa giza kwa miezi. Nitumie hiyo tarehe kabla hujalipia kitu, na baba mkwe wako umweleze mwenyewe kwa nini ile picha ilitoka nyeusi.

Dada yako