Kucha zetu Jumapili hii
Wapendwa, Jumapili saa 9 alasiri tukutane kwangu Ilazo tubandike kucha. Njooni na stika za kucha na tupa ya kucha. Asetoni (ile ya kutolea rangi ya kucha) na pamba ninazo.

Wengi mnasema stika zinabanduka siku ya pili. Mara nyingi ni mafuta kwenye ukucha. Futa kwa asetoni, usiuguse tena. Chagua stika nyembamba kidogo kuliko ukucha, isipande kwenye ngozi. Sugua kutoka katikati kwenda pembeni, ncha iliyozidi uikate kwa tupa, ukivuta kwenda chini tu. Zangu za maua mekundu leo siku ya 8, na nafua kwa mkono jamani!

Upepo huu wa Dodoma unakausha ngozi. Ukishabandika, usiku paka tone la mafuta ya alizeti kuzunguka kucha.

Mwenye kidonda asibandike, ila aje tupige stori.