Kwa vijana wetu mnaokimbia alfajiri kutoka kanisani Mkunazini, Zanzibar

Wanangu, Tumsifu Yesu Kristo.

Jumamosi iliyopita nilikaa barazani kwangu Mtoni kuwangojea mpite kwenda Bububu. Mkapita. Watano wa mbele mlikuwa mmekazana, hata salamu yangu hamkuisikia. Baadaye kidogo wakaja watatu. Nikadhani mmekwisha, nikainuka nirudi ndani. Kumbe bado. Jua lilikwisha kupanda alipotokea binti yetu mmoja, anatembea, mkono ubavuni, macho chini. Nikamwita, nikamkatia dafu, nikamuuliza wenzio wako wapi. "Wameshatangulia, Babu," akasema, na sauti ikamkatika.

Ndiyo maana ninawaandikia, na ninaandika wazi kwa sababu jambo lenyewe ni letu sote.

Mbio zenu nazipenda. Nawaona mkisali kwenye uwanja wa kanisa kabla hakujapambazuka, na mkirudi mnakaa pamoja kwa chai na mandazi. Wapo waliokuwa hawaonekani tena kwenye Misa, na njia iliyowarudisha ni hiyo barabara ya Bububu. Mimi mwenyewe sala ya kimya nilijifunzia barabarani. Ukifika kilomita ya saba au ya nane maneno yanakwisha, inabaki pumzi na jina la Bwana. Haya si mambo madogo, na sitaki yaharibike.

Lakini hebu mkumbuke mnaanzia wapi. Pale Mkunazini palikuwa soko la watumwa. Lilifungwa mwaka 1873, na mwaka huohuo Waanglikana wakaanza kujenga kanisa juu ya ardhi ileile, chini ya Edward Steere, ambaye baadaye akawa askofu wao. Mnazipita kila wiki zile sanamu za watu waliosimama shimoni, minyororo shingoni. Watu wale walitembezwa kwa miguu kutoka bara, wengine tangu upande wa Ziwa Nyasa, mpaka pwani, ndipo wakapakiwa majahazini. Na katika misafara ile, aliyeshindwa kwenda na wenzake aliachwa porini afe, au aliuawa palepale ili wengine waogope kuchoka. Mama yangu alizaliwa Mbweni, katika ukoo wa watu waliokombolewa na misheni, na hadithi hiyo alitusimulia kwa sauti ya chini kila mara. Alikuwa akisema: waliofika sokoni ndio wasioachwa, na bado walikuwa wanauzwa.

Basi mimi nasema kundi linaloomba Mungu mahali pale, kisha likaondoka, halina ruhusa ya kumwacha mtu njiani. Kundi jingine labda. Ninyi hapana.

Msidhani nawahukumu nikiwa safi. Nilipokuwa na umri wenu nilikimbia na rafiki yangu tuliyeimba naye kwaya, yeye sauti ya nne, mimi ya tatu. Siku moja jua lilikuwa kali, akaniambia kichwa kinamzunguka. Nikamwambia apumzike kivulini, nitamkuta nikirudi. Nilitaka kujua kama naweza kufika Bububu na kurudi bila kusimama. Niliweza. Niliporudi hakuwapo, mpita njia alikuwa amempakia kwenye gari la ng'ombe. Alipona, ila hakukimbia tena na mimi, na baada ya muda akaacha kwaya, halafu akaacha kanisa. Nilikwenda kumwomba msamaha nikiwa nimechelewa kwa miaka. Alinipokea vizuri, akanipa kahawa. Kanisani hakurudi.

Mwandishi wa Waebrania, anapotuambia tupige mbio, ametaja saburi. Kasi hakuitaja. Na someni tena Isaya 40, ule mstari wa mwisho mnaoupenda: kwanza kuruka kama tai, halafu kukimbia, halafu kutembea. Kutembea ndiko kumewekwa mwisho. Zamani nilidhani nabii amepanga vibaya. Sasa miguu yangu imezeeka, na naona kutembea bila kuzimia kunahitaji neema kubwa zaidi. Yule binti alikuwa kwenye neno la mwisho la mstari ule, peke yake.

Mnamjua John Stephen Akhwari wetu. Kwenye marathoni ya Olimpiki, Mexico mwaka 1968, alianguka, goti likaumia, akaingia uwanjani zaidi ya saa moja baada ya Mamo Wolde wa Ethiopia kushinda. Tunamsifu yeye, na ni haki yake. Mimi huwafikiria pia wale wachache waliokuwa bado wamekaa kwenye viti giza likiingia.

Kuhusu mwendo nitasema machache, mnao wanaojua kuliko mimi. Siku ya kukimbia pamoja, mkimbie kiasi cha kuweza kuzungumza. Mkishindwa kuzungumza mmezidisha. Hata Wakenya wanaoshinda dunia nzima wana siku zao za kwenda pole. Mwenye kutaka kasi atafute siku nyingine, na si dhambi. Mwenye nguvu kuliko wote akae nyuma, kwa zamu.

Na majirani zetu Waislamu, msiwasahau. Nyimbo zinyamaze mkipita msikitini watu wakiwa kwenye sala ya alfajiri. Mwezi wa Ramadhani chupa za maji zisionekane barabarani. Kuna kijana wa Kibweni, Muislamu, ameanza kukimbia nanyi. Msimshike na mahubiri. Mngojeeni tu kama mnavyotakiwa kungojeana ninyi kwa ninyi, naye atajua mnamwamini nani.

Binti yule nimemwomba aje Jumamosi hii. Amesema ataona. Nendeni wawili watatu nyumbani kwao kabla ya siku hiyo, msitume ujumbe wa simu.

Mimi nitakuwa barazani na madafu, yanatosha wote. Panga nitakuwa nalo mkononi, ila dafu la kwanza sitalikata mpaka afike wa mwisho.

Babu yenu,
Mtoni, Unguja