Tamasha la reli limesahau daraja la tatu

Mhariri,

Nimesoma gazeti lenu miaka arobaini bila kuwaandikia hata mstari. Ripoti yenu ya Jumatatu, ya lile tamasha la reli na historia ya kupigania haki hapa Mombasa, imenishinda kunyamazia.

Mmeandika kwamba historia yote ilionyeshwa. Mimi nilikuwepo. Nilichoona ni behewa la daraja la kwanza lililopigwa rangi upya, na vitambaa vyeupe mezani. Daraja la tatu, walikojazwa Waafrika, halikuwa na hata picha. Nikiwa mtoto nilisafiri humo hadi Voi nimekalia gunia la nazi miguuni pa mama, maana mabenchi ya mbao yalikuwa yamejaa.

Marehemu baba alikuwa mpakizi wa mizigo ya reli. Tarehe 13 Januari 1947 alitua gunia akagoma pamoja na wafanyakazi wapatao 15,000 wa bandari, reli, hoteli na majumbani, mji ukasimama siku 12. Kila siku walikutana Kiwanja cha Maskini. Kwetu ulilika muhogo mtupu, asubuhi na jioni, na baba hakurudi kazini mpaka wenzake waliporudi. Chege Kibachia, aliyekuja kuongoza chama chao, alikamatwa Agosti mwaka huo huo akapelekwa kizuizini Kabarnet, mbali huko Baringo. Kwenye tamasha sikusikia jina lake hata mara moja! Nilikwenda na kifungo cha shaba cha koti la kazi la baba, nimekifunga kwenye leso, nikaomba dakika tano nisimulie. Kijana mwenye kipaza sauti akanijibu, "Mzee, hiyo haimo kwenye programu," akamwita mgeni wa heshima aje akate keki. Nikarudisha leso mfukoni.

Kurudi nyumbani, matatu ilikuwa imepandisha nauli maradufu kwa ajili ya manyunyu tu, na makanga akataka nilipie na mkongojo ati ni mzigo. Mzee hana pa kusemea, si jukwaani, si barabarani.

Mwakani litafutwe behewa moja la daraja la tatu, libaki na mabenchi yake ya mbao bila mito, na wageni wa heshima wakae humo saa nzima kabla ya hotuba. Na Kiwanja cha Maskini kiwekewe ubao wenye tarehe ile, kwa herufi za urefu wa shibiri, tusome na sisi ambao macho yamechoka. Kifungo nitakitoa mimi, kipigiliwe hapo juu.

Mwana wa mpakizi,
Changamwe