Taarifa ya Mwenyekiti: Mwaka wa Kukosoana Picha za Majengo

Ndugu wanachama,

Assalaam aleikum. Ada na hesabu mtazisikia kwa mweka hazina. Mimi nitakaa kwenye lililotushughulisha zaidi mwaka huu: jinsi tunavyokosoana picha zetu za Mji Mkongwe.

Mwaka ulipoanza, vikao vilikuwa vya pongezi. Picha ikitokea ukutani, "mashallah, nzuri", tunapita. Mara nyingi kilichosifiwa kilikuwa jengo, si picha. Mlango wa kuchonga hupendeza hata ukipigwa ovyo, na fundi aliyeuchonga si mwanachama wetu.

Tukakubaliana kila maoni yataje mahali kwenye picha, sababu, na dawa. "Picha imelala" haimsaidii mtu. Linalomsaidia ni hili: "Kuta zinaegemeana kuanzia ghorofa ya kwanza kwa sababu uliinua kamera juu. Ishike wima bila kuiinua wala kuiinamisha, tumia lenzi pana, kisha kata sakafu ya kichochoro itakayojaa chini." Kama kuna nyumba ya mkabala na wenyewe wameruhusu, kupanda ghorofani kwao ni dawa bora zaidi.

Kosa lililorudi sana ni mlango wenye njumu za shaba uliopigwa saa sita mchana. Kwetu, mapema Machi na mapema Oktoba, jua hupita utosini. Kivuli cha kizingiti cha juu hushuka kama pazia juu ya mfaa (mwimo wa katikati ya mlango), njumu za chini huungua zikawa nyeupe tupu, na nakshi hukosa kina. Programu haitibu hilo, maana palipoungua hapana kitu cha kurudisha. Rudi jua likiwa pembeni, mwanga ukiparaza ubao, na kila ua la nakshi litatoa kivuli chake. Saa mbili asubuhi au saa kumi jioni itategemea mlango unaelekea wapi. Kuta za chokaa nazo huidanganya kamera: inaona weupe, inapunguza mwanga, ukuta unatoka kijivu. Ongeza mwanga kwenye kamera (exposure) kati ya theluthi mbili za hatua na hatua moja nzima.

Baadhi yenu mmelalamika kwamba mistari wima tunaikagua kupita kiasi. Sikubaliani. Beit al-Ajaib, jengo la mwaka 1883, liliporomoka sehemu kubwa tarehe 25 Desemba 2020. Tangu hapo picha zake za zamani si mapambo tena. Iliyopigwa kamera ikiwa sambamba na ukuta inakuwezesha kulinganisha nguzo na nguzo. Iliyopinda inampa fundi kazi ya kubahatisha. Anayepinda kwa makusudi aseme mapema, na apinde kweli: digrii mbili huonekana kosa, ishirini huonekana nia.

Utaratibu wa kikao sasa ni huu. Mwenye picha huleta tatu tu, akisema alikusudia nini, alipiga saa ngapi, kwa lenzi ya milimita ngapi, na kama amenyoosha mistari kwenye programu. (Kunyoosha hula kingo za picha, hivyo acheni nafasi pande zote mnapopiga.) Dakika moja ni ya kutazama kimya. Kisha watu husema wanachokiona kabla ya wanachokitaka. Mwenye picha haongei, anaandika. Hapo ndipo tulipokwama zaidi. Akishaanza kueleza kwamba palikuwa na gari, au mvua, au mlinzi, wenzake huona haya na kunyamaza, naye hurudi nyumbani na yale yale aliyokuja nayo.

Maoni mawili yakipingana kuhusu kona moja, msiyatupe yote. Kwa kawaida kona hiyo ina tatizo, ila dawa bado haijapatikana.

Mawili bado yanakera. Kuna wanaohariri picha ya mwenzao bila kuombwa na kuirudisha "imetengenezwa", hilo likome. Na picha zinatumwa WhatsApp zikiwa zimebanwa, halafu tunalaumu lenzi kwa ukungu. Tumeni kama dokumenti.

Kikao cha kwanza cha mwaka ujao, kila mmoja alete picha moja iliyokosolewa mwaka huu pamoja na aliyoirudia mahali pale pale. Zitawekwa ukutani bega kwa bega, ya zamani kushoto.