Barua ya mkate kwa mwandani aliyehamia Eldoret

South C, Nairobi
Julai

Mwandani wangu mpenzi,

Salamu nyingi baada ya siku nyingi. Sisi hapa hatujambo, watoto wanakuamkia, na baba yao anasema bado anakudai biriani. Barua yako niliisoma mara mbili: mara ya kwanza kwa furaha ya kusikia kwamba mmekwisha kutulia Eldoret, na mara ya pili kwa kicheko, kwa kuwa hayo unayoyalalamikia juu ya mkate ndiyo yale yale yaliyoniliza mimi nilipohamia Nairobi. Unasema umefuata alivyotufundisha nyanya pale Kibokoni, Mombasa, hatua kwa hatua, na mkate ukatoka umebonyea katikati kama godoro la zamani. Basi keti nikueleze, maana kosa si lako.

Kumbuka kwamba nyanya hakuwa na mizani wala saa. Unga aliupima kwa kile kikombe cha bati chenye mkono uliolegea, tui alilimimina kiasi, na tulipomuuliza hicho kiasi ni kiasi gani, alitukamata ndewe na kutuambia donge liwe laini hivi. Muda nao aliupima kwa sala: alikanda baada ya adhuhuri, akalifunika donge kwa kanga kuukuu, na akisha kusali alasiri ndipo aliporudi kulikata. Kwa kuwa tuko karibu na ikweta, nyakati za sala hazisogei sana mwaka mzima, na joto la Mombasa ni lile lile unalolijua, kwa hiyo ratiba yake haikumwangusha. Sisi tulidhani tumefundishwa kuoka mkate, kumbe tulifundishwa kuoka mkate Mombasa.

Nairobi iko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, na huko kwenu ni kama mita 2,100. Kadiri unavyopanda, hewa inakuwa nyepesi, na gesi inayotolewa na hamira ndani ya donge haipati kizuizi kikubwa, hivyo hutanuka upesi na kulivimbisha donge kabla unga haujapata nguvu ya kulishikilia. Ukiliacha lifike pale ulipozoea kuliona nyumbani, limekwisha kupitiliza. Likiingia motoni linajaa kidogo, kisha linanywea. Huko ndiko kubonyea kwako. Hewa hiyo hiyo huwa kavu pia, na unga unakuwa na kiu kuliko wa pwani, ndiyo sababu donge lako linakatika unapolivuta. Maji yenyewe hapa Nairobi huchemka yakifika nyuzi 94 hivi, na ndiyo maana maharagwe yanakumalizia gesi, lakini hayo tuyaache.

Kinachotatiza zaidi ni baridi, kwa sababu inavuta upande wa pili. Ramadhani yangu ya kwanza hapa kulikuwa na joto, nikakanda adhuhuri na kurudi alasiri kama nilivyofunzwa, nikakuta donge limefurika, limemwagikia meza na linanuka kama togwa iliyochacha. Niliuoka hivyo hivyo. Mume wangu alikula kipande kimoja kwa adabu, kisha akaomba tende. Ilipofika Julai nikafanya yale yale, na safari hii alasiri ikapita, magharibi ikapita, na donge limekaa kimya chini ya kanga kama jiwe. Nilikuwa nikiitazama saa, na saa haina habari na donge.

Sasa nafanya hivi, nawe ujaribu. Kwa gramu 500 za unga wa ngano natia hamira kavu kijiko kidogo kimoja, wakati nyanya angetia viwili. Chumvi ni kijiko kidogo kimoja na nusu, wala usiipunguze, maana ndiyo inayoishika hamira isikimbie; sukari ni kijiko kikubwa kimoja. Tui jepesi naanza na mililita 320, kisha naongeza maji kwa kijiko hadi donge liwe kama ndewe, na hapo nyanya bado hajapata mpinzani. Donge nalitia katika ndoo ndogo ya plastiki inayoonyesha ndani, nazungushia mpira pale lilipofikia, na linapofika maradufu nalitoa, iwe ni baada ya saa moja au baada ya nne. Nikisha kulifinyanga na kulitia katika kopo, nalibonyeza kwa kidole: kibonyo kikirudi polepole bila kumalizika, muda umefika, kisiporudi kabisa, nimechelewa. Katika baridi hii ya Julai nakanda baada ya isha kwa robo ya kijiko kidogo tu cha hamira, naliacha mezani usiku kucha, na alfajiri nalikuta tayari. Mkate wa namna hii ndio ninaoupenda kuliko yote, kwa sababu hamira inapokwenda taratibu unga unapata ladha.

Kopo lenyewe nimetengenezewa na fundi wa Kamukunji. Alitaka kunikatia mabati ya kuezekea, nikakataa, kwa kuwa yana zinki nami sioki chakula juu ya zinki. Akanitafutia alumini, na tukapatana bei baada ya maneno mengi.

Juzi lakini kopo halikufaa kitu. Mkate ulikuwa na dakika kumi tu ndani ya oveni, kwenye nyuzi 200, stima ikapotea mtaa mzima. Nilisimama gizani dakika nzima nikisikitika, kisha nikamtuma kijana kwa jirani kuomba makaa. Nikaweka sufuria kubwa juu ya jiko la makaa, nikatandaza mchanga ndani, nikalikalisha kopo juu yake, nikafunika sinia na kupalia makaa juu, moto wa juu mwingi kuliko wa chini, vile vile alivyokuwa akifanya nyanya uani. Binti yangu alishika tochi ya simu. Baada ya dakika thelathini nililiinua sinia kwa koleo, na ile harufu ya tui linaloungua kidogo kwenye ganda ilinirudisha Kibokoni mara moja. Niliugonga mkate kwa chini, ukalia kama ngoma. Ganda la juu lilikuwa na madoa meusi mahali makaa yalipokaribia, na watoto waligombania hayo madoa. Nitakuambia ukweli: oveni haijawahi kunitolea ganda kama lile.

Kwako wewe uliye juu zaidi, anza na nusu tu ya hamira aliyotia nyanya, ongeza vijiko viwili vitatu vya maji, na ulitoe donge kabla kidogo halijafika maradufu. Ukishindwa bado, niandikie linavyokatika na linavyonuka, si muda uliochukua.

Mama aliniachia kile kikombe cha bati, mkono umekwisha kung'oka. Nikija huko Desemba nitakuja nacho pamoja na nazi kavu za Marikiti. Wewe tafuta makaa na sufuria yenye sinia linaloifunika barabara.

Mwamkie mama mkwe wako, na uwabusu watoto.

Ni mimi mwandani wako,
jirani yako wa Kibokoni